Nyumba Usiyolala Ndani

Anayepita vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar na kuinua macho husoma habari za nyumba kwenye kamba zake za kuanikia. Khanga mbili zilizofifia rangi, kanzu, sare za skuli za watoto watatu wa vimo tofauti, kitambaa cha kufungia mtoto mchanga: hapo hapana haja ya kuuliza humo ndani wanaishi nani. Siku hizi, nyumba baada ya nyumba, kamba hizo zimebeba kitu kingine. Ni mashuka meupe na taulo nyeupe, saizi moja, zimepangwa safu juu ya paa kutoka ukuta hadi ukuta, na kesho zitakuwa hizohizo. Chini yake magurudumu ya masanduku yanagonga sakafu ya mawe kuelekea mlango ambao jana ulifunguliwa na mtu mwingine na keshokutwa utafunguliwa na mwingine tena. Ikifika magharibi, baraza ya mawe iliyojengwa nje ya nyumba hiyo ili watu wakae inabaki haina mtu.

Mashuka hayo si kosa la mgeni, wala si dhambi ya mwenye nyumba anayetafuta riziki. Ni dalili ya jambo ambalo halijawekewa utaratibu wake. Nyumba za makaazi zinageuzwa kuwa nyumba za kukodisha kwa siku, moja moja, kimya kimya, bila mtu kuuliza mtaa umebakiwa na wakaazi wangapi. Rai ya makala haya ni kwamba biashara hiyo isikatazwe, ila kibali chake kimfuate mkaazi na kisiifuate nyumba. Apewe mtu anayelala ndani ya nyumba hiyo, kila mtaa uwekewe idadi ya vibali isiyovukwa, na kibali kife siku mwenye nacho anapohama.

Hesabu inayomshinda mpangaji

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme chumba kimoja kinakodishwa kwa dola 40 kwa siku, bei ambayo wala si ya anasa. Siku nne ni dola 160. Dola moja ikibadilishwa kwa shilingi 2,500, hizo ni shilingi 400,000. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma Zanzibar kilipopandishwa mwaka 2022 kilifika shilingi 347,000 kwa mwezi. Yaani mgeni mmoja, kwa siku nne katika chumba kimoja, anamzidi mfanyakazi anayetoa mshahara wake wote asinunue hata kilo ya mchele. Atashindana vipi? Muuguzi wa hospitali ya Mnazi Mmoja, mwalimu wa skuli ya msingi, kijana anayeuza samaki sokoni Darajani, wote wanaingia katika mnada ambao bei yake imetajwa kwa fedha wasiyolipwa.

Ndiyo maana mpangaji wa siku nyingi hafukuzwi kwa ugomvi. Anaambiwa kwa upole kwamba nyumba inataka ukarabati. Au kodi iliyokuwa ikilipwa kwa mwezi inatakiwa ya mwaka mzima mkononi, na dalali anataja kilemba, malipo ya kupewa funguo, ambacho familia haijawahi kukishika. Familia inafunga mizigo na kuhamia nje ya mji, Fuoni au Tomondo. Huko kuna hewa na nafasi, na hapana aibu yoyote kuishi huko. Lakini mama aliyekuwa akitembea hatua mia mbili kwenda kazini sasa anagombania daladala alfajiri, nauli ya watoto inakula fungu la kitoweo, na bibi mzee aliyekuwa na majirani wanane wa kumchungulia asubuhi anabaki na mlango uliofungwa mpaka jioni. Kila nyumba inayoondoka inaondoka na wateja wake pia. Muuza mandazi wa kona anapoteza sufuria moja, kisha mbili. Duka lililouza unga, mafuta ya taa na viberiti linauza picha na vinyago, kwa sababu mgeni wa siku mbili hanunui unga.

Kuna hasara nyingine isiyo na bei. Mtaa wa Kiswahili unajulikana siku ya msiba. Mtu akifariki usiku, kabla ya jua kupanda kuna wanaokwenda kuchimba kaburi, wanaokosha maiti, wanawake waliokwisha washa moto na kupanga masufuria, mikeka imetandikwa barazani kwa wanaume, na jeneza halikosi mabega. Hakuna kampuni inayofanya kazi hiyo wala mtu anayelipwa. Inafanywa na watu kumi au kumi na tano wa mtaa ambao wamezoeana kiasi cha kuingiliana jikoni. Je, nyumba kumi za mtaa zikibaki mbili, nani atabeba? Hata harusi, hata maulidi, hata safu ya mbele ya msikiti mdogo wa mtaani saa ya alfajiri, vyote vinasimama juu ya watu wanaolala hapo kila usiku.

Na maisha haya ya pamoja ndiyo yaliyoupa mji huu jina. UNESCO ilipouingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, haikutazama mawe peke yake. Ilitambua mji wa biashara wa mwambao, ambamo Uafrika, Uarabu, Uhindi na Uzungu vilichanganyika kwa karne nyingi na kuzaa maisha ya namna yake. Maisha hayo hayahifadhiwi kwa kupaka chokaa. Watu wakiondoka, kinachobaki ni makumbusho yenye vitanda.

Tone la maji ukutani

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya rai hii inatoka kwa watu wanaoupenda mji huu kwa dhati. Wanasema: fedha za wageni ndizo zilizoziokoa nyumba hizi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na Serikali, wenyewe wakaondoka, na familia kutoka mashamba na mitaa ya Ng'ambo zikapewa vyumba ndani ya majumba makubwa ambayo hazikuwa na uwezo wa kuyatunza. Paa zilivuja, boriti zikaoza, na nyumba zikaanguka. Mamlaka ya kuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985 katika hali hiyo, na mpango mkuu wa uhifadhi wa mwaka 1994 ulikuta sehemu kubwa ya majengo, ambayo kwa jumla ni zaidi ya 1,700, ikiwa katika hali mbaya. Mtaji wa hoteli na nyumba za wageni ulileta chokaa, mafundi na boriti mpya. Na Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka na kuua watu, kila mtu aliona uchakavu unavyoweza kuliangusha hata jengo maarufu kuliko yote. Mnataka turudi huko?

La, hakuna anayetaka. Lakini tuitazame vizuri nyumba yenyewe. Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, mnene, unaopumua. Sakafu zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Nyumba ya namna hii inavumilia jua, chumvi ya bahari na mvua za miaka mingi. Isichokivumilia ni maji yanayopenya ndani polepole. Choo na bafu vya zamani vilikuwa sehemu moja, mara nyingi kwenye kona yake, na watu wa nyumba waliijua kona hiyo kama wanavyomjua mgonjwa wao. Sasa nyumba ya kukodisha kwa siku inataka bafu katika kila chumba, kwa kuwa ndivyo mgeni anavyotafuta kwenye simu yake. Bafu nne au tano zinapachikwa juu ya boriti za mikoko, mabomba yanafukiwa kwenye ukuta wa chokaa, tangi la lita elfu moja linawekwa juu ya paa, na ukuta unapigwa saruji ili upendeze. Saruji inaufunga ukuta usipumue. Tone linaanza.

Nani atalisikia? Msimamizi anakuja asubuhi kubadilisha mashuka na anaondoka. Mwenye nyumba yuko Dar es Salaam, Dubai au Milano. Mgeni ataona doa la unyevu darini, pengine atalipiga picha, kisha atapanda boti. Wahenga walilisema hili bila kuwahi kuiona simu: nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Mtu anayelala humo husikia tone la pili kabla ya kumi, na huona mchanga wa chokaa ulioanguka juu ya mkeka asubuhi, kwa sababu jana haukuwapo. Mhifadhi wa kwanza wa nyumba ya mawe ni mkaazi mwenye macho. Fedha za mgeni zinaweza kununua boriti, lakini macho ya kuitunza baada ya fundi kuondoka yanataka mtu wa kulala humo, na hapo ndipo kibali cha mkaazi kinapoihudumia nyumba na mtaa kwa pamoja.

Hata hivyo haki iwepo. Yapo magofu ambayo hayatainuka bila mtu mwenye mtaji mkubwa kukodisha nyumba nzima. Mtu akilichukua gofu lisilokaliwa, akalijenga kwa chokaa na chini ya usimamizi wa Mamlaka, na apewe kibali cha nyumba nzima kwa muda uliowekwa, kwa mfano miaka saba, arudishe gharama zake. Lakini gofu ni gofu. Nyumba ambayo jana ilikuwa na familia nne isiitwe gofu leo kwa sababu rangi imebanduka.

Wenzetu waliochelewa

Jambo hili halikuanzia Zanzibar. Mwaka 2007 huko San Francisco vijana wawili walioshindwa kulipa kodi walitandika magodoro ya upepo katika nyumba waliyokuwa wakiishi wenyewe, wakakaribisha wageni watatu na kuwapa kifungua kinywa. Mtandao wa kukodisha nyumba wa Airbnb ulizaliwa hapo. Tuzingatie mwanzo huo: mwenyeji alikuwa amelala chumba cha pili. Kilichoharibu miji ni pale mwenyeji alipotoweka na jina lake likabaki kwenye tangazo.

Venice, mji wa mawe na vichochoro uliojengwa juu ya maji, ulikuwa na wakaazi karibu 175,000 katika kisiwa chake cha kale mwaka 1951. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Utalii haukufanya yote hayo, maana ajira na gharama za maisha zilianza kuwaondoa watu kabla ya simu za mkononi. Lakini nyumba nyingi zilizoachwa zilipata mgeni wa siku kabla ya kupata familia mpya, na hivyo njia ya kurudi ikazibwa. Barcelona ilitangaza Juni 2024 kwamba vibali vyote 10,101 vya fleti za watalii havitaongezwa muda, na kwamba ifikapo Novemba 2028 viwe vimekwisha. Sasa inapambana na wenye vibali, mawakili na mahakama ili kurudisha kilichotolewa kwa urahisi miaka iliyopita. Mji mdogo kama wetu hauna fedha za kesi za namna hiyo. Usipotoa kibali kiholela leo, hutahitaji kukinyang'anya kesho.

Miji mingine, ya Marekani, ina mafunzo yaliyo karibu na hali yetu. Santa Fe, huko New Mexico, iliweka ukomo wa vibali 1,000 katika maeneo ya makaazi. New Orleans ilitaka mwenye kibali katika mitaa ya makaazi awe mwenye nyumba anayeishi mahali hapo, lakini mwaka 2022 mahakama ya rufaa ilikitupa kifungu hicho kwa kuwa kiliwabagua watu wa majimbo mengine. Mji haukukata tamaa. Mwaka uliofuata ulipitisha kanuni ya kibali kimoja kwa kila kitalu cha nyumba, na wanaogombea nafasi hiyo wakapigiwa kura ya bahati nasibu. Funzo kwetu ni la aina mbili. Kwanza, uandishi wa sheria uwe makini, isionekane inawabagua watu kwa walikotoka: kipimo kiwe kulala hapo, kisiwe ukoo wala pasipoti. Mzanzibari anayeishi mbali na kukodisha nyumba sita hatofautiani, kwa jirani aliyebaki, na mgeni anayefanya hivyohivyo. Pili, ukomo wa mji mzima hautoshi. Vibali mia vikikusanyika Shangani na Hurumzi peke yake, takwimu za mji zitapendeza na mitaa hiyo miwili itakufa.

Na tusisahau usalama. Kenya ilianza kusisitiza usajili wa nyumba hizi Januari 2024, baada ya wanawake kuuawa katika fleti za kukodisha kwa siku jijini Nairobi. Mlango ambao hakuna anayejua nani ameingia ni hatari kwa mgeni kama ulivyo kwa jirani.

"Nyumba ni yangu"

Wapo watakaosema: nyumba ni yangu, nimerithi au nimenunua, Serikali inaingilia nini? Swali ni la haki na linataka jibu la haki. Katika Mji Mkongwe umiliki si wa mtu kufanya atakalo. Mwenye nyumba haruhusiwi kubomoa ukuta, kupanua dirisha wala kubadilisha mlango wa mbele bila kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi. Tumekubali hivyo kwa miaka mingi, na wengi tunaona fahari, kwa kuwa tunajua mlango wa nakshi ni wa mwenye nyumba na pia ni wa mji. Basi inakuwaje mlango uhitaji kibali kuondolewa, na familia iliyokuwa ikiufungua kwa miaka arobaini iondolewe bila swali hata moja?

Wengine wataogopa kwamba utalii utayumba. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 730,000 mwaka 2024, na utalii ndio unaoleta sehemu kubwa ya fedha za kigeni. Ni kweli, na hakuna mwenye akili anayetaka kuukata mkono unaomlisha. Lakini hoteli zipo, nyumba za wageni zenye leseni zipo, pwani yote ya kaskazini na mashariki ipo. Rai hii haimfungii mgeni mlango. Inamtafutia mwenyeji. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na hapo kuna watu wawili. Mjane mwenye vyumba vitatu vitupu baada ya watoto kuoa na kuolewa ndiye anayestahili kuwa wa kwanza kupewa kibali, bila ada ya kumkatisha tamaa na bila fomu za lugha asiyoijua. Dola 40 zikiingia kwake, kesho asubuhi ziko Darajani kwa muuza samaki, jioni kwa fundi wa bomba, Ijumaa kwa mjukuu anayesoma. Zikiingia kwenye akaunti ya mtu mwenye nyumba kumi ng'ambo ya bahari, mtaa unabakiwa na kazi ya kufua mashuka.

Kibali cha namna gani

Sheria ya Utalii inataka biashara za utalii ziwe na leseni ya Kamisheni ya Utalii, na Mamlaka ya Mapato ina mifumo yake ya kudai kodi. Leseni ya biashara hutazama usafi, huduma na malipo, na inafaa iendelee. Haikuundwa kuuliza mtaa umebakiwa na nani. Swali hilo linataka kibali cha pili, na tayari tuna mtu wa kuanza naye, yaani sheha, kiongozi wa shehia. Kila shehia ina daftari la wakaazi wake. Sheha anajua nani amehamia, nani amefariki, mlango upi una watu na upi una mashuka tu. Kibali cha kukodisha kwa siku kianze kwake: athibitishe kwamba mwombaji analala hapo, majirani wa ukuta kwa ukuta waarifiwe na wapewe wiki chache za kutoa pingamizi, kisha faili liende Manispaa na Mamlaka ya Uhifadhi kwa ajili ya uamuzi. Ukomo uwekwe kwa kila mtaa, hata ikiwa ni nyumba moja katika kila kumi, na ukijaa ujae.

Hofu ya rushwa ni ya kweli, kwa sababu muhuri wowote wenye thamani huvutia bahasha. Dawa yake ni kuweka mambo wazi. Orodha ya vibali vya kila mtaa ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya shehia, namba ya kibali ikae juu ya mlango na ndani ya tangazo la mtandaoni, ili jirani yeyote akiona mgeni akiingia penye mlango usio na namba ajue pa kusema. New York ilikwenda mbali zaidi. Tangu Septemba 2023 mitandao ya kukodisha hairuhusiwi kupokea malipo ya nyumba isiyo na usajili wa mji, na mwenyeji anatakiwa awepo nyumbani wageni wakiwa ndani, nao wasizidi wawili. Zanzibar ni ndogo mbele ya kampuni hizo, lakini si ndogo kiasi cha kushindwa kudai namba moja kwenye tangazo.

Waliokwisha anza wasidhulumiwe. Wapewe misimu miwili ya kujipanga: kuhamia humo, kumweka ndugu anayeishi humo kweli, au kurudisha nyumba kwa mpangaji wa mwaka. Nyumba za wakf ni suala jingine kabisa. Aliyeweka wakf aliiweka kwa ajili ya masikini, yatima au msikiti, na hata kama fedha ya mgeni ni nyingi, kumtoa aliyewekewa ili kumpisha asiyewekewa ni kuuvunja wasia wa mtu asiyeweza tena kujitetea. Hizo zisiguswe.

Wakati mzuri wa kuanza kuwahesabu wakaazi ni masika, Machi hadi Mei, mvua zinaponyesha, ndege zikapungua na kamba za mapaani zikabaki na nafasi. Shehia za Mji Mkongwe ni chache na zinazungukika kwa miguu. Sheha na vijana wawili wenye kalamu na daftari wanaweza kupita kutoka Shangani hadi Malindi, kisha Kiponda, Mkunazini na Vuga, na kumaliza milango yote kabla wageni wa Juni hawajashuka bandarini. Kwenye kila mlango wana swali moja tu la kuuliza na kuandika jibu lake: usiku wa leo, nani analala humu?